Mupira Haitoki Hapa

Mimi ni muoga tangu utoto, na sioni sababu ya kuficha. Ng'ombe akinikazia macho nilikuwa nabadilisha njia. Radi ikipiga upande wa ziwa, mimi niko chini ya kitanda kule mlimani kwetu Masisi, na mama ananicheka mpaka anashika mbavu. Kwa hiyo nikiwaambia watu kwamba biashara yangu ya kwanza niliianzia Walikale, msituni, katika miaka ile mibaya baada ya uhuru wa Kongo, wakati hata madereva wenye roho ngumu walikuwa wanaikwepa barabara ile, wananijibu, "Wewe? Acha masihara." Sina masihara. Nilikwenda natetemeka, nikafika natetemeka, na kama mnataka hadithi ya shujaa, mtafuteni mwingine.

Aliyenisukuma ni baba mkwe wangu. Nilikuwa nimeoa karibuni, mke wangu ana mimba ya kwanza, na kazi sina. Mzungu mwenye shamba la kahawa nililokuwa nikipalilia alifunga milango siku moja akaondoka, na shamba likaota majani. Ardhi ya baba ilikuwa imeshagawanywa kwa kaka zangu. Mimi kitindamimba nikapewa kipande cha mteremko ambacho mvua ikinyesha sana maharage yanahamia kwa jirani. Jumapili moja, baada ya ibada, mkwe akaja kwangu. Kiti alikikataa.

"Mutoto yangu," akasema, "sikuje kugombana. Binti iko na mimba. Akizaa, utamulisha nini? Maneno?"

"Papa, natafuta kazi."

"Tafuta. Lakini maharagi ikivunwa na haujapata kitu, nitakuja kumuchukua. Nitakuja pole pole, bila makelele."

Angepiga kelele ningepumua. Ule upole ndio ulionitisha, maana mzee yule hakuwa mtu wa kusema jambo asilifanye. Kwetu, baba akimrudisha binti yake nyumbani na mimba, mtoto anazaliwa kule, anakulia kule, na wewe unabaki kupita nje ya ua ukisikia sauti ya mwanao anacheka na watu wengine. Nilikuwa nimeliona hilo kwa jirani yetu mmoja, alivyokonda. Tangu siku ile kila nikipita kwenye maharage yetu nilikuwa nayaomba yasiharakishe kukomaa.

Nikaanza kutafuta biashara, na nilitafuta kwa pupa. Nikapika kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kumbe kila ua lilikuwa na mtungi wake, nikabaki nainywa mwenyewe, na habari ikamfikia mkwe kabla sijaimaliza. Nikatengeneza sabuni kwa majivu. Ikakataa kuganda, ikanibabua mikono. Nikabeba maharage ya mwaka uliopita kuyateremsha sokoni Kirotshe, kando ya ziwa, nikakuta maharage yamenitangulia kutoka kila mlima. Nikarudi nayo kichwani, shingo imeingia mabegani, na watoto njiani wananiuliza kama ninayatembeza.

Mke wangu ndiye aliyenifungua macho, na hakunibembeleza. "Wewe unauzia watu kitu chenye wanalima wenyewe," akasema. "Angalia kwanza wanaumia wapi. Pale njo uuze dawa yake."

"Wanaumia wapi?"

"Sasa mimi njo niwe na akili ya watu wawili?"

Jibu nililipata Kirotshe, mbele ya hospitali. Nilikuwa nimempeleka mke wangu apimwe mimba, mimi nikakaa nje kwenye majani pamoja na wanaume wengine, na kwa vile sikutaka kuzungumza na mtu nikainamisha kichwa nikawa natazama miguu. Mama yangu! Nyufa za kuingiza kidole. Vidole vilivyoliwa na funza. Kisigino kimefungwa jani la mgomba, damu inachuruzika. Watu walikuwa wametembea kutoka nyuma ya milima, peku, juu ya mawe makali ya volkano, na wengi ugonjwa uliowaleta ulikuwa huohuo wa miguu. Katikati yao alikuwepo mwanamume mmoja wa Bukavu aliyevaa viatu vyeusi vya ajabu, kamba mbili mbele, moja nyuma. Akaona ninavyotazama, akainua wayo.

"Mupira ya motokari, kaka," akasema. "Hii mutanizika nayo."

Nilimwachia kuku tuliyekuwa tumemletea shangazi wa mke wangu, nikarudi nyumbani na viatu vile mkononi. Nikavifungua, nikavifunga, nikavifungua tena, mpaka nikajua kamba inapita wapi na msumari unakaa wapi. Kisha nikavivaa. Kwa mara ya kwanza tangu mkwe aje, nilikula nikashiba.

Sasa mupira wenyewe utoke wapi? Milimani kwetu gari lilikuwa likipita, watu wanatoka nje kulipungia mkono. Lakini wasafiri walikuwa wakisema kwamba kule chini, kwenye barabara kubwa ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, vita vilikuwa vimeacha makamio mengi, yaani malori, yameungua na kuanguka, yanaota majani kando ya njia kuanzia Walikale mpaka Itebero, na magurudumu yake hayana mwenyewe. Wazo lilikuwa jepesi: nishuke, nikate vipande, nipande navyo, nishone viatu, niwauzie watu wa milima. Mke wangu akasema nenda. Mimi nikatafuta visingizio. Nikavitafuta mpaka Jumapili mkwe aliponisalimia kanisani kwa adabu nyingi kupita kiasi, akaniuliza maharage yameendeleaje. Kesho yake nikaondoka.

Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa kapita wa shamba, yaani msimamizi wa vibarua, aliniazima nguo zake za kazi: shati la kaki, kaptula ya kaki, na kofia. Alisema mfanyabiashara lazima aonekane ni mtu. Naomba mzikumbuke nguo hizo.

Njiani niliogopa kila kitu. Niliogopa askari kwenye vizuizi, ambao wakikuuliza unakwenda wapi hujui jibu gani litawakasirisha. Niliogopa madaraja ya kamba yanayocheza juu ya maji meusi. Zaidi ya yote niliogopa msitu. Sisi wa mlimani tumezoea kumwona mtu anayekuja tangu akiwa mdogo kule ng'ambo. Mule msituni mtu anatokea tu, yuko mbele yako, na wewe hujajua ucheke au ukimbie. Nilikuwa naimba nyimbo za kanisa kwa sauti, si kwa imani, ila ili nisisikie majani.

Walikale penyewe nilikuta magurudumu ya karibu yameshachukuliwa na watu wenye akili kunizidi. Wakanielekeza mbele, upande wa Itebero. Nikatembea tena. Na kweli, kwenye kona moja, karibu na kijiji, nikaliona kamio limelala ubavu, limeungua kichwa, lakini magurudumu ya nyuma mazima. Nusura nipige magoti. Ila mali iko mbele ya kijiji cha watu, huwezi kuanza kukata kama mwizi. Nikaenda kuomba ruhusa.

Hapa lazima niwaeleze neno. Gurudumu la gari, yaani tairi lake, madereva waliliita pine. Sisi wa mlimani tulikuwa tunasema mupira. Kitu cha kuchezea watoto, mupira. Sweta ya baridi, mupira. Neno moja, kazi nyingi, na kwetu hakuna aliyewahi kudhurika nalo.

Ilikuwa mchana, wanawake wanatwanga, wanaume kadhaa wamekaa kwenye kibanda cha mazungumzo. Wakanipokea vizuri, wakanipa maji. Nikasimama wima na kaki zangu, nikaweka sauti ya mfanyabiashara.

"Kapita ya hapa iko nani?" nikauliza, nikimaanisha mkubwa wa kijiji.

Mchi mmoja ukanyamaza.

"Nimekuja sababu ya mupira. Nataka yote yenye iko huku. Hata yenye iko mu pori, mutanionyesha tu, tutaikata."

Sijawahi kuona kijiji kikiisha namna ile. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alimnyakua mtoto wake kwa mkono mmoja akapotea nyuma ya nyumba. Vinu vikabaki na mpunga ndani. Kufumba na kufumbua nilikuwa peke yangu na kuku.

Na mimi nilifikiri nini? Nilifikiri wameona waasi nyuma yangu! Sikugeuka hata kutazama. Nikakimbia, na kwa kuwa sikujua njia za kule, nikakimbilia walikokimbilia wenyewe, kwenye migomba na kuingia porini, nikiwafuata migongo, nikilia, "Muningojee! Muningojee!" Kadiri nilivyoita ndivyo walivyozidisha mbio, na kadiri walivyozidisha ndivyo nilivyojua kwamba adui yuko karibu. Wanawake walianza kupiga mayowe. Nikajikwaa kwenye mzizi, na nilipoinua uso, wanaume walikuwa wamenizunguka na mikuki.

Walinirudisha kijijini wamenishika shingo. Nilijua nimekufa. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: maharage yatavunwa, mkwe atakuja pole pole bila makelele, na hakuna atakayemwambia kwamba sikukimbia mke, kwamba nilikuwa nimeshapata biashara. Nililia kwa sauti, na siwaombi radhi.

Kati yao mmoja tu alikuwa akijua Kiswahili sawasawa, kijana aliyewahi kuwa msaidizi wa dereva. Ndiye aliyekuwa akiniuliza na kuwatafsiria wengine.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, kaka. Nimejituma."

"Mupira ya kufanya nini?"

"Ya kukata."

Akawatafsiria, na wote wakaguna. Nilikuwa sijui, lakini "kukata mupira" ndilo lililokuwa jina la kazi yenyewe. Zamani, wakati wazungu walipokuwa wakipigana vita vyao kwao, watu wa msitu ule walilazimishwa kuingia porini kukata mimea itambaayo na kukinga utomvu wa mupira, ukapimwa kwenye kilo, yaani mizani, na asiyefikisha alilazwa chini akachapwa fimbo. Makapita walikuwa wakija wamevaa kaki. Waliuliza kwanza kiongozi wa kijiji ni nani. Kisha walisema wanataka yote. Mimi nilikuwa nimeyasema yote hayo kwa mpangilio uleule, kana kwamba nimefundishwa.

"Siyo ile!" nikalia. "Ni ya motokari! Ile kamio pale, magurudumu yake!"

"Ile inaitwa pine."

"Kwetu inaitwa mupira."

"Uongo. Mbona kofia? Mbona ulitufukuza mu pori?"

"Sikuwafukuza, nilikuwa nakimbia na mimi!"

"Ulikuwa unakimbia nini?"

Nikavua kiatu changu, nikakinyoosha kwa mikono miwili. Kikapita mkono kwa mkono, wakakikunja, wakakibonyeza, na hatimaye mmoja wao akaenda kumwita mama mmoja mzee, mfupi, aliyekuwa bado amejibanza nyuma ya nyumba. Yule kijana akaniambia kwamba mume wa mama huyo alichapwa sababu ya mupira, akarudishwa porini na vidonda vyake, na hakuonekana tena. Walimpa kiatu. Akakileta puani. Akafumba macho, kisha akatamka maneno machache kwa lugha yao. Sikuhitaji tafsiri, lakini kijana akanipa.

"Anasema harufu njo ile ile."

Mikuki ikasogea. Na mimi nikajikojolea. Si kidogo. Kaptula ya kaka yangu ililowa mpaka magotini, mkojo ukaingia kwenye vumbi mbele ya watu wote, nami sikuweza kuuzuia wala kujificha.

Mama yule akatazama chini, kwenye lile tope. Akanitazama usoni. Akanizunguka polepole, akanivua kofia, akanitazama tena. Ndipo akasema maneno marefu, na baadhi ya wanaume wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu wazi.

"Mama anasema hivi," kijana akatafsiri, akijikaza. "Watu ya mupira walikuja hapa wengi. Wazungu, polisi, makapita. Hakuona hata moja mwenye aliogopa. Anasema huyu hapana muntu ya Serikali. Serikali haikojoake."

Wakaniachia shingo. Nikakaa palepale kwenye tope langu. Nilikuwa naona aibu, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia kila mtu, hata wale wenye mikuki. Wakanipa kitambaa cha kujifunga, na mwanamke mmoja akarudi kwenye kinu chake.

Nilipopata pumzi niliwaeleza shida yangu yote: mkwe, mimba, maharage, na wazo langu la kupandisha vipande milimani. Wakashauriana. Jibu lilitoka kwa yule mama, na kijana akalitafsiri akiwa ameacha kucheka.

"Hapana. Mupira haitoki hapa. Hata kipande. Ilitoka ya kutosha."

Nilitaka kubisha, nikaona mikuki bado iko mikononi. "Basi nifanye nini?"

"Kata hapa. Tutavaa hapa."

Nikakata. Kiatu cha kwanza kikawa upande, lakini yule kijana alikivaa, akatembea mpaka kwenye kona na kurudi, akapiga teke jiwe, akapiga teke gogo, akacheka kama amelewa. Wakaja wengine. Watu wale walikuwa wakitembea mashamba ya mbali, mito, miiba, siafu, na sikuwa nimefikiria miguu yao hata mara moja. Nilikuwa nimefikiria magurudumu yao tu. Walinilipa walichonacho: mafuta ya mawese, mchele, samaki waliokaushwa kwa moshi. Nikatazama vile vitu na kichwa kikazunguka. Kwetu juu mawese hayaoti, na samaki kama wale watu wangewagombania. Biashara niliyokuwa nikiitafuta ilikuwa imekaa mbele yangu, imegeuzwa: viatu vishonwe huku chini, na mzigo wa kupandisha uwe chakula. Peke yangu nisingeifikiria hata ningekaa mwaka mzima.

Ya mkwe niyamalize hapa hapa. Alikuja kama alivyoahidi, maharage yakiwa yanaanikwa, na alikuja pole pole. Akakuta chungu jikoni chekundu kwa mawese na samaki ndani yake. Safari hii alikichukua kiti.

Lakini sijasema nilivyoondoka kule. Siku zote nilizokuwa nakata, yule mama alikaa karibu yangu kunichunga. Nilipomwomba mguu wake niupime, aliuvuta ndani ya kitambaa chake akatikisa kichwa. Kila kipande kilichodondoka kwenye kisu alikiokota, hata vile vidogo kama kucha, akaenda kuvifukia. Asubuhi niliyofunga mzigo wangu aliingiza mkono ndani ya mchele mpaka kwenye kiwiko, akatafuta chini ya samaki, akanipapasa mifuko. Hakupata kitu, kwa sababu nilikuwa naogopa mno kuficha chochote.

Magurudumu ya kamio lile yalikuwa yamekwisha, na watu waliokuwa bado hawajapata viatu walisimama njiani wakinitazama ninavyojitwika. Mama akasimama mbele yangu. Akaninyooshea kidole kifuani, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akasema nami Kiswahili.

"Haitoshi," akasema. "Rudi."

Nikacheka kwa furaha. Nilijua ana maana viatu havijatosha, nilete vingine, wananitaka. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama, nitarudi, nitarudi kabisa," nikamgeukia yule kijana nimwambie kumbe mama anakijua Kiswahili. Yeye hakuwa akicheka.

"Hakijui," akaniambia. "Anajua maneno mbili ile tu. Njo yenye makapita walimwambia bwana yake, pale ku kilo."